Bustani ya kombania: shajara ya mwaka mmoja kambini Dodoma

Daftari hili ni la bustani ya mboga ya kombania yetu, vijana wa kujitolea wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), katika kikosi kilicho nje kidogo ya jiji la Dodoma. Naliandika mimi karani wa kombania kwa ajili ya watakaotupokea, na kwa kambi au shule yoyote ya bweni yenye kisima cha maji ya chumvi na vijana wengi wasio na nafasi. Kulima, kupanda na kupalilia nimevipita juu juu kwa sababu kila mtu anavijua. Nimekaa zaidi penye hasara.

Eneo ni robo eka nyuma ya bwalo. Udongo ni mwekundu, mchanga juu, na ukichimba kidogo jembe linaanza kulia. Maji ni ya kisima cha kikosi, yanavutwa kwa pampu ya umeme. Kulikuwa na simtanki kuukuu la lita 5,000 ambalo halikuwa na mwenyewe, tukalichukua. Lengo: mboga za majani jikoni mara tatu kwa wiki, maana chakula chetu leo ni ugali na maharage, kesho ni maharage na ugali.

3 Juni. Eneo limepatikana

Wiki za mwanzo za mafunzo ya awali hakuna kuruta anayewaza mboga. Filimbi inalia usiku bado mweusi, mchakamchaka na chenja (nyimbo za kukimbilia) mpaka jua lichomoze, kwata (mazoezi ya gwaride), darasa, kazi za mikono, kwata tena, usafi wa hanga tunamolala, halafu zamu ya ulinzi. Wenye malengelenge ya buti ni wengi kuliko wasio nayo. Wazo la bustani ni la afande OC, mkuu wa kombania, baada ya zahanati kumpelekea habari kwamba vijana wanachanika pembe za midomo na fizi zinatoka damu wakipiga mswaki.

Tumefyeka, tumeng'oa visiki, tumepima vitanda. Mbegu: karoti, vitunguu, spinachi, sukuma wiki, nyanya. Gharama: sh. 48,000.

21 Juni. Matuta ya Rungwe hayafai Dodoma

Kambini mtu huitwa kwa jina la kwao. Kijana tunayemwita Rungwe amekulia penye mvua karibu mwaka mzima, na ndiye pekee aliyekuwa na uhakika wa anachofanya, kwa hiyo tulimfuata. Tukainua matuta marefu, mazuri, yamenyooka kama gwaride. Maji tukimwaga juu yanateremka ubavuni na kuishia kwenye njia. Upepo wa Juni ukikausha kileleni, udongo unapasuka na miche inalala.

Mzee mmoja mfugaji wa jirani alikuwa akipita na ng'ombe wake kila jioni, anasimama pembeni, anatazama, anaondoka. Siku hiyo akaamua kusema, akianza na salamu ya Kigogo.

"Mbukwenyi, wajukuu zangu. Hapo mnamwagilia njia."

Tulimwomba aingie. Akachukua jembe, akachimba mahali tuta lilipokuwa mpaka kikawa kitanda kilichozama kiasi cha shubiri moja, udongo uliotoka akaujaza njiani. Njia ikawa juu, kitanda kikawa chini. Maji yakimwagwa yanakaa, na upepo unapita juu ya miche badala ya kuipiga. Tuligeuza bustani nzima namna hiyo. Fedha haikutumika, ila jioni za wiki nzima zilikwisha, na Rungwe hakuzungumza na mtu kwa muda.

10 Julai. Samadi

Leo JKT inatimiza mwaka mwingine tangu 1963. Asubuhi michezo, mchana tukapewa gari kwenda kuchukua samadi bomani. Ugogoni samadi si shida, shida ni usafiri: mafuta na kupakia sh. 70,000.

Tulizoa ya juu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Ilikuwa bado mbichi. Baada ya siku chache spinachi iliungua kingo, na pamoja nayo zikaota nyasi ambazo ng'ombe alizila mbegu zake huko porini. Tuliitoa, tukairundika pembeni, tukailowanisha, tukaifunika kwa maturubai ya zamani na kuigeuza kila baada ya muda. Kipimo chetu: ingiza mkono katikati ya rundo. Kama kuna joto, iache. Ukipata boma lililohamwa, chimba ya chini, ile iliyogeuka kuwa kama udongo. Hiyo unaitumia siku hiyo hiyo.

24 Julai. Bustani ya doso

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ya mwaka, na halihusu kilimo.

Tangu mwanzo, aliyechelewa folini, yaani kujipanga mstarini, aliyekutwa na simu, aliyelala zamu, adhabu yake, au doso kwa lugha ya kambini, ilikuwa bustani. Kwa afande lilionekana jambo jema: kijana anarekebishwa na mboga inapaliliwa. Matokeo yake bustani ikawa na harufu ya adhabu. Mtu anapewa doso ya kumwagilia, anamwaga ndoo yote sehemu moja ili amalize. Anapewa doso ya kupalilia, anang'oa chochote cha kijani. Kitanda kizima cha karoti kilipaliliwa usiku kwa mwanga wa taa ya ulinzi. Asubuhi tulikuta magugu yamebaki na karoti ziko kwenye rundo la takataka. Aliyefanya hivyo hakuwa na chuki, hakuwahi kuona jani la karoti maishani.

Tulilipeleka kwa koplo wa zamu, koplo akalipeleka juu. Afande OC aliuliza swali moja tu: "Silaha tunawapa walioadhibiwa wazisafishe?" Toka siku hiyo hakuna doso bustanini. Ikaundwa seksheni ya bustani, watu wanane wa kujitokeza wenyewe, na malipo yao ni kusamehewa usafi wa vyoo. Waliojitokeza walizidi nafasi kwa mbali.

Jambo la pili lililobadilika siku hiyo ni saa. Kumwagilia kulikuwa kwenye muda wa kazi za mikono, saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Sasa seksheni ya bustani inamwagilia wenzao wakiwa mchakamchaka, na jioni inakimbia peke yake kufidia. Kwa kambi nyingine inayotaka kuiga, ningeanza hapa kabla ya kununua hata pakiti moja ya mbegu: nani anamwagilia, saa ngapi, na badala ya kazi ipi.

12 Agosti. Chumvi

Baadhi yetu tulipelekwa Nzuguni kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane kusaidia banda. Nilimpata bwana shamba mmoja asiye na haraka, nikamweleza kwamba vitunguu vyetu vinanyauka hali udongo una unyevu. Akauliza: kitanda kikikauka kingo zinakuwa na rangi gani? Nyeupe. Na birika la jikoni kwenu lina nini ndani? Ukoko mweupe.

Maelezo yake kwa ufupi: maji ya visima vingi vya huku yana chumvi na chokaa. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku, maji yanapaa na jua, chumvi inabaki juu palepale kwenye mizizi. Ikizidi, mmea unashindwa kunyonya maji hata kama yapo. Dawa ni kumwagilia kwa kina na kwa nafasi, ili maji yasukume chumvi chini ya mizizi, na kufunika udongo kwa nyasi kavu usipae unyevu. Halafu kuchagua mazao: karoti, vitunguu na maharage ni wepesi kulemewa na chumvi, spinachi inaivumilia sana, na mchicha haulalamiki.

Tumeng'oa vitunguu vyote. Mahali pake spinachi na mchicha. Nyanya tumeziacha. Mbegu mpya sh. 27,000.

2 Septemba. Porini

Kombania nzima ilikwenda porini kwa shabaha na mazoezi. Ruti machi, mabegi mgongoni, kulala chini, maji ya kunywa kwa kipimo. Nani angekumbuka spinachi? Tuliporudi tumekauka midomo tukaikuta bustani imekauka zaidi yetu. Mchicha ulikuwa umebaki vijiti. Simtanki limejaa mpaka juu. Maji yalikuwepo, mtu ndiye hakuwepo.

Bustani ya mkulima ina mwenye nyumba. Bustani ya kombania inaweza kuachwa na watu wote kwa amri moja, na amri hiyo huipati mapema. Tulitafuta nani hubaki kambini siku zote: wapishi, walinzi wa lango, na wenye ED, yaani ruhusa ya ugonjwa ya kutofanya kazi nzito, kutoka zahanati. Wapishi wana kazi, walinzi hawaachi lindo. Wenye ED wapo kila wakati. Mwenye mguu uliovimba hawezi kukimbia, lakini kufungua koki anaweza. Zahanati ilikubali, kwa sharti kwamba hakuna kubeba ndoo.

Bila ndoo maana yake ni mpira wa matone. Ndipo tukaingia gharama kubwa ya mwaka: mpira wa matone, chujio, koki na viungio, sh. 310,000 kutoka fedha za kombania. Simtanki tulilipandisha juu ya jukwaa la tofali tulizofyatua wenyewe, kimo cha mtu, maji yashuke kwa uzito wake bila kutegemea umeme.

19 Oktoba. Kantangaze

Mpira wa matone unafanya kazi. Spinachi ya kwanza ya maana imeingia jikoni, na bwaloni watu walipiga makofi, jambo ambalo huku halifanyiki kwa chakula.

Nyanya zimekwisha. Ilianza na michirizi myeupe kwenye majani, tukadhani ni jua. Ukiinua jani kwenye mwanga unaona kijidudu kinatembea ndani, katikati ya ngozi mbili za jani, kikiacha nyuma kinyesi cheusi. Kijidudu hicho ndicho kantangaze. Tulinunua dawa dukani, sh. 42,000, tukapuliza, wakapungua, wakarudi. Baadaye tukaelezwa kwamba wadudu hawa huzoea dawa ya aina moja upesi, na wakishaingia ndani ya jani au tunda, dawa ya kugusa haiwafikii. Tumeng'oa miche yote na kuichoma. Nyanya hazitarudi kwenye robo eka hii katika mwaka wetu. Anayetaka azifunike kwa chandarua tangu kitaluni, na asipande bilinganya wala viazi mviringo karibu, maana navyo ni chakula cha kantangaze.

15 Novemba. Kiapo

Mafunzo ya awali yamefungwa. Tumepita mbele ya jukwaa, tumeapa, wazazi wamelia, picha zimepigwa. Nimekata maneno hapa kwa makusudi. Sherehe zote za kufunga mafunzo zinafanana, ukiwa umeona moja umeziona.

Kilichoigusa bustani ni kwamba kesho yake kombania iligawanywa. Wengine ujenzi, wengine ulinzi, wengine kikosi kingine kabisa. Katika seksheni ya watu wanane tulibaki watatu, na aliyejua koki ipi inafungua laini ipi alikuwa ameshapanda gari. Tulipoteza karibu wiki nzima tukifungua na kufunga. Sasa koki zimeandikwa namba kwa rangi ya buti za gwaride, na ramani yake imechorwa kwenye kurasa za mwisho za daftari hili. Kila anayeingia seksheni anapewa mwenzake mzoefu, na mzoefu haruhusiwi kushika koki mbele yake: anasema, mwenzake anafanya.

4 Desemba. Mbuzi, mchwa na mnyaa

Kiangazi kikiwa mwishoni hakuna kijani kingine maili nzima isipokuwa chetu. Mbuzi walijua kabla ya sisi kujua. Uzio wa nguzo za miti tuliouweka Agosti, sh. 90,000, ulianguka kwa kusukumwa tu: juu nguzo nzima, chini mchwa wamekula mpaka moyo.

Yule mzee alicheka. Kwao uzio haununuliwi. Tulikata vipande vya mnyaa, kiasi cha mkono, tukaviacha kivulini jeraha likauke, tukavichomeka kwa kubanana. Nje yake tumelaza matawi ya miiba mpaka mnyaa ushike. Mbuzi hali mnyaa, mchwa hauli, na hautaki kumwagiliwa.

Tahadhari iandikwe kwa herufi kubwa: UTOMVU. Ukikata mnyaa unatoka utomvu mweupe. Tandahimba alijifuta jasho kwa kiganja kile kile alichokatia. Dakika chache baadaye alikuwa amekaa chini, macho yamefumba, machozi yanatiririka, anauliza kama jua limezama. Tulimmwagia maji machoni mfululizo njia nzima hadi zahanati. Aliona vizuri tena baada ya siku mbili. Tangu hapo anayekata anavaa glavu, na pembeni yake kuna ndoo ya maji na mtu asiyeshika mnyaa.

16 Januari. Mvua

Mvua ya Dodoma ni msimu mmoja, na ikija haibishi hodi. Vitanda vilivyozama, vilivyotuokoa kiangazi chote, vikageuka mabeseni. Mchicha mchanga ulikaa ndani ya maji usiku kucha na kuoza shingoni. Tumetoboa mwisho wa kila kitanda, upande wa mteremko, tundu la kipande cha bomba: kiangazi linazibwa kwa udongo, masika linazibuliwa. Mvua pia imefanya kazi ambayo hatukuilipia. Ule ukoko mweupe umeoshwa, na vitanda vya zamani vinaotesha vizuri kuliko Agosti.

Kwa upande mwingine, nani anahitaji bustani mwezi huu? Mlenda pori umeota kila mahali mpaka kwenye uwanja wa kwata. Wasichana wa hanga la pili waliuchuma, mmoja wao wa Bahi akausimamia jikoni kwa karanga, na watu wa pwani waliokuwa wakiudharau wakaramba sahani. Kwa maoni yangu kombania ijayo isihangaike kupanda sana Januari na Februari. Ichume mlenda, iukaushe kivulini, iuweke kwenye magunia kwa ajili ya Julai, na muda huo itumie kutengeneza mbolea.

11 Machi. Matundu yameziba

Mvua zimepumzika, tumefungua mpira wa matone, na nusu ya matundu hayatoi kitu. Wa kwanza kulaumiwa alikuwa chujio. Likasafishwa, bado. Tukakata kipande kimoja cha mpira kwa urefu: ndani ya tundu kuna kipele cheupe kigumu, ukikikwangua kwa ukucha kinatoka kama ganda la yai. Rungwe, ambaye siku hizi ndiye fundi wetu wa maji, aliomba siki jikoni, akadondosha tone moja. Kipele kikatoa povu, kikalegea. Ni chokaa.

Namna tulivyozibua: funga mwisho wa laini, jaza siki iliyochanganywa na maji, acha usiku mzima, asubuhi fungua mwisho na uachie maji kwa nguvu mpaka yatoke safi. Matundu mengi yalirudi, machache yalikufa tukayaziba. Siki sh. 15,000. Kuzuia ni rahisi kuliko hapo: mpira ufunikwe kwa nyasi usipate moto, umwagiliaji ufanyike usiku au alfajiri ili tone la mwisho lisikaukie tunduni, na kila Jumamosi miisho ifunguliwe maji yatoke. Maji ya kufulia kombati tulijaribu kuyaleta bustanini tukaacha, yana sabuni. Yanakwenda kwenye miti kando ya barabara ya kambi.

Pia Machi ni msimu wa zabibu, na kila anayepita barabara ya Makutupora akirudi anauliza kwa nini hatupandi. Mzabibu unataka nguzo, waya, kukata matawi kwa utaalamu, na zaidi ya mwaka kabla ya kuvuna cha maana. Sisi hatuna zaidi ya mwaka. Hata hivyo tumechomeka vijiti vichache vya Makutupora Nyekundu pembeni ya simtanki. Vimeshika.

28 Mei. Makabidhiano

Matumizi yote ya mwaka ni sh. 602,000. Ndani yake, sh. 132,000 ni nguzo na dawa ya nyanya, yaani fedha iliyopotea. Jiko halijanunua mboga za majani tangu Oktoba, isipokuwa wiki za mafuriko ya vitanda.

Yaliyobaki bila ufumbuzi: laini namba tatu ina msukumo mdogo na sababu haijapatikana. Mnyaa upande wa lango haujabanana, miiba isiondolewe mpaka mwakani. Jukwaa la simtanki limepata ufa kwenye kona ya magharibi. Tangi lisijazwe zaidi ya nusu mpaka fundi wa kikosi alione. Rundo la samadi lililofunikwa turubai la bluu liko tayari, la kijani bado lina joto.

Kuruta wapya wanaingia wiki ijayo. Funguo za koki ziko kwa koplo wa stoo, na mwenye ED wa zamu ya leo ni Ukerewe, kifundo cha mguu, mpaka Alhamisi.